Vijiti Saba Ubaoni

Katika miaka ile ya tisini mimi ndiye niliyekuwa fundi baiskeli bora kuliko wote kati ya Suna na mwezi. Usinibishie, hukuwepo. Viraka nilivyobandika kwenye tyubu za watu, vikishonwa pamoja, vingetosha kuvalisha mji mzima wa Migori makoti ya mvua, na kipande kingebaki cha kumfunika ng'ombe. Lakini mtu akinipa karatasi nisome, niliitazama kama mbuzi anavyoitazama redio. Shule niliiacha darasa la pili. Sikufukuzwa. Niliiacha tu, kama mtu anavyoacha kofia mahali halafu akasahau ni wapi.

Kilichonirudisha ni kifungua mimba wangu. Alipofika darasa la tano, alizoea kuja kwenye kibanda changu jioni na kunisomea maandishi ya kwenye kopo la gundi. Hakunidharau. Alinisomea polepole, kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonichoma. Nikajiapia kwamba kabla hajafika darasa la nane nitakuwa nimefanya mtihani wa msingi mwenyewe, kwa kalamu yangu, nimekaa kwenye dawati kama binadamu wengine. Nikajiunga na ngumbaru, shule ya watu wazima.

Darasa letu lilikuwa nyuma ya kanisa, chumba chenye dirisha moja na ubao uliopasuka pembeni. Tulianza saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini, na giza likiingia tuliwasha karabai ya kanisa. Karabai hiyo ilikuwa na masharti. Wazee wa kanisa walisema mafuta hayachomwi kwa ajili ya watu chini ya saba. Siku tukipungua, chumba kitapewa kwaya, ambayo ilikuwa inakitaka kwa udi na uvumba. Na sisi tulikuwa saba kamili: mimi, mama mmoja muuza omena, mzaliwa wa Kendu Bay, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya ziwa, mlinzi wa ghala, mzee mmoja Mkuria aliyefuga ng'ombe karibu na mpaka, wapishi wawili wa shule ya mabweni, wanawake waliokuwa wake wenza na bado walipendana, ukitaka amini, na mchimba dhahabu kutoka Macalder.

Huyo mchimba dhahabu ndiye kisa chenyewe. Mikono yake ilikuwa mikubwa hivi kwamba akishika kalamu, kalamu ilipotea, ukaona anaandika kwa ngumi. Alikuja Suna kwa sababu maji yalijaa katika shimo lao, na mke wake alikuwa akiuza muhogo wa kuchemsha hapa mjini. Hakuwa na la kufanya jioni. Aliona taa, akaingia.

Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwembamba, shati jeupe moja tu lakini limepigwa pasi kila siku ya Mungu. Tulimwita japuonj, mwalimu kwa Kijaluo, na yeye alituita wazee wangu na mama zangu, kwa maana nusu yetu tungeweza kumzaa.

Jioni moja mchimba dhahabu alisimama kabla hata hatujafungua vitabu.

"Japuonj," alisema, "mimi nimekuja kuaga. Maji yametoka shimoni. Nimeitwa."

Mama wa omena akaweka kalamu chini. "Omera, ndugu yangu, unaenda na sisi tunabaki wangapi?"

"Sita."

"Ala! Kumbe hesabu unaijua. Basi jua pia kwamba kesho kwaya wanaingia hapa na ngoma zao."

"Mama, nielewe. Kule kwetu mtu haachi kamba bila mtu wa kuishika. Kuna mtu shimoni chini, kuna mtu juu anayemvuta. Nilipokuja huku shemeji yangu alikubali kuishika kamba yangu siku kazi ikianza. Sasa maji yamekwisha, kazi imeanza, na yeye ana shamba lake. Nitamwachaje pale?"

Ilikuwa haki yake. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu ya miezi iliyobaki hadi mtihani, nikauona mtihani wangu ukipanda basi la Macalder na kukaa kiti cha dirishani.

Mwalimu hakubembeleza. Alichukua chaki, akaikata vipande. "Kabla hujaenda, mzee wangu," alisema, "tufanye jambo moja. Kila mtu aje ubaoni aandike moja. Tu. Kijiti kimoja kila mtu, mkiwa mmejipanga mstari."

Tukaenda. Kulikuwa na msukumano kidogo, kwa sababu mama wa omena alitaka kusimama wa kwanza kushoto na mimi pia nilitaka, akanipiga kikumbo cha ubavu kama ninaiba samaki wake. Alipata. Mchimba dhahabu akasimama katikati, wa nne. Mimi nikatupwa mwisho kulia. Tukaandika. Vijiti saba vikasimama ubaoni: 1111111.

"Someni," mwalimu akasema.

Tulisaidiana: milioni moja, mia moja na kumi na moja elfu, mia moja na kumi na moja.

"Kijiti cha mama ni milioni. Chako, mzee wa dhahabu, ni elfu. Na cha fundi baiskeli..."

"Ni moja," alisema mama wa omena, akicheka hadi kilemba kikalegea. "Fundi ni moja! Kelele zote zile, kumbe moja!"

Nilimwambia kwamba bila moja yangu yeye hana milioni na hizo zingine kamili, ana upungufu. Hakusikia, alikuwa anacheka bado.

Mwalimu akatuonyesha kiini macho. Alizidisha ile nambari kwa yenyewe, akijaza ubao mzima, na mwisho ikatoka 1234567654321. Inapanda ngazi mpaka saba, halafu inashuka kwa adabu, kwa hatua zile zile ilizopandia. Mzee Mkuria alipiga mluzi. Mimi nywele zilinisimama, na wakati huo nilikuwa nimeshaanza upara, kwa hiyo elewa uzito wa jambo. Nilidhani hesabu ni kitu cha kutoa machungwa kwenye kikapu. Sikujua kwamba ndani kuna milima.

"Sasa igawanyeni," mwalimu akasema. "Mama, ukiwa na nyanya kumi na mbili, unazipangaje sokoni?"

"Mafungu ya tatutatu, au ya nnenne, au ya sitasita kama naona watu wana njaa."

"Zikiwa kumi na tatu?"

"Kumi na tatu ni balaa. Panga utakavyo, moja inabaki inanitazama. Hiyo ninakula mwenyewe."

"Basi hapa una nyanya milioni moja na hizo zingine. Je, kuna mafungu yoyote yanayoweza kuzimaliza bila kubakisha hata moja?"

Tukajaribu kwa macho. Mbili? Hapana, inaishia na moja. Tano? Hapana. Tatu? Mwalimu alishatufundisha kujumlisha tarakimu: vijiti saba ni saba, na saba haikubali tatu. Mchimba dhahabu alikuwa amesogea karibu na ubao, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayelisikiliza jiwe kabla hajaligonga.

"Mwalimu, hili lenyewe linavunjika au halivunjiki?"

"Sijui," alisema yule kijana. Nilimpenda kwa jibu hilo. "Vijiti sita vinavunjika vibaya. Vijiti vitano pia nimewahi kuvivunja. Hivi saba sijawahi kuvijaribu."

Mchimba dhahabu alikaa tena kwenye benchi. Benchi likalia. "Basi nitatuma mtu amwambie shemeji avumilie. Mimi sijawahi kuacha jiwe ambalo sijui ndani lina nini. Nitakaa hapa mpaka livunjike. Likivunjika, siku hiyo hiyo naenda Macalder, na mtu asinishike shati."

"Na lisipovunjika?" nikauliza.

"Lisipovunjika nitazeekea hapa, fundi, unaziba tyubu mimi naziba masikio nisikusikie."

Kuanzia jioni ile mtihani wangu ulining'inia kwenye nambari moja. Kila nilipofunga kibanda niliombea ile nambari iwe ngumu. Wengine wanaombea mvua, mimi niliombea vijiti.

Kazi ilikuwa kubwa. Mwalimu alitueleza kwamba hakuna haja ya kujaribu kila nambari. Kama haigawanyiki kwa mafungu ya tatu, haiwezi kukubali ya sita wala ya tisa. Tujaribu zile tu ambazo zenyewe hazigawanyiki. Tena tusivuke elfu moja na hamsini na kitu, kwa sababu kama kuna kigawanyo kikubwa kuliko hapo, mwenzake atakuwa mdogo, na huyo mdogo tutakuwa tumeshamshika. Kwa hiyo kwanza ilibidi tuzipate hizo zisizogawanyika. Tulizichekecha: tukaandika nambari zote kwenye ubao na kuta na sakafu, tukafuta kila ya pili, kila ya tatu, kila ya tano, tukiendelea, mpaka zikabaki zile kaidi. Mchimba dhahabu alifurahi sana siku hizo. Alisema ni kama kuosha mchanga kwenye karai, unamwaga na kumwaga hadi kinachobaki ni kile kizito.

Tulikata maboksi ya sabuni vipande vidogo na kuandika nambari moja kila kipande, kuanzia saba. Vilikuwa vingi, rundo la kuficha paka. Jioni ya kugawana, mwalimu aliitwa nje na mzee wa kanisa kuhusu mafuta ya karabai, akatuachia kazi.

"Tugawane kama mchanga," alisema mchimba dhahabu, akikunja mikono ya shati. "Mimi nitagawa. Tuko saba, kwa hiyo mafungu ni nane."

"Nane tena?" mlinzi akauliza.

"Karai ya kwanza daima ni ya mwenye ardhi. Kisha sisi. Halafu tunarudi tena, mwenye ardhi kwanza. Hivyo hivyo mpaka rundo liishe. Bila hiyo hamuoni hata chembe, shimo linafunga."

"Na hapa mwenye ardhi ni nani?"

"Si mwalimu? Darasa ni lake."

Ilituingia akilini bila shida yoyote. Akagawa, kipande kimoja kimoja, akizunguka meza kwa heshima, mwenye ardhi kwanza. Fungu la mwenye ardhi akaliweka ndani ya kopo la chaki tupu, juu ya rafu. Kule Macalder, alituambia, fungu hilo haliguswi. Hata kulitazama sana si adabu. Mwenyewe atakuja kulichukua. Mwalimu aliporudi, kila mtu alikuwa ameshaanza kugawanya, ndimi nje, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba ana shamba hapa.

Sitaki kuwadanganya, lakini majuma yale niligawanya zaidi ya serikali zote za dunia. Niligawanya kwa makaa kwenye ukuta wa kibanda, niligawanya kwa kidole kwenye vumbi la tangi la pikipiki ya mteja hadi akauliza kama ninamfanyia uchawi. Mke wangu alisimama mlangoni asubuhi moja, mikono kiunoni. "Unagawa nini kila siku, baba watoto, na humu ndani hakuna cha kugawa?" Mama wa omena aligawanya akipima omena. Wake wenza waligawanya jikoni, mmoja akisoma, mwingine akiandika kwa unga. Lakini aliyebadilika zaidi ni mchimba dhahabu. Alikuja kwetu akiogopa kutoa kumi kwenye mia. Sasa alikuwa anagawanya milioni kwa mia nane na kitu, anakosea, anafuta, anarudia, jasho linamtoka kama yuko shimoni. Kila alipopata baki aliipiga meza: "Bado gumu!"

Mwishowe kila mtu akamaliza fungu lake. Tulisimama mmoja mmoja kama mashahidi, kila mmoja akasema: "Langu halikuvunja." Mwalimu akaandika juu ya vile vijiti saba: HAIGAWANYIKI. Mke wa mchimba dhahabu alituletea beseni la muhogo, na tukanywa chai nyingi kiasi cha kuogelesha mamba. Mchimba dhahabu alikaa pale katikati, anatabasamu peke yake. "Basi nimefungwa," alisema. "Nitamwambia shemeji atafute mtu mwingine kabisa." Mimi usiku huo nililala kama waziri.

Juma lililofuata ilikuwa zamu yangu kufagia. Nikapangusa rafu, nikatikisa kopo la chaki nikidhani lina mende. Likalia kwa kishindo kidogo kikavu. Nikafungua: vipande vya boksi la sabuni.

Nilimuuliza mama wa omena, aliyekuwa wa kwanza kufika. "Hilo si fungu la mwenye ardhi?" akasema. "Lirudishe hapo, mwanangu, usije ukatuletea mkosi."

Nilimngoja mwalimu nje. Nikamwonyesha kopo. "Japuonj, hivi ulishavijaribu?"

Alivitazama. "Hivyo si vile mlivyomaliza? Nilidhani mnanirudishia nitunze."

Tukatazamana. Nilimweleza habari ya karai ya kwanza. Alifungua mdomo acheke, akaufunga. Kwaya walikuwa wanaimba kanisani, wamebanwa, sauti zao zikigongana na madirisha, na sote wawili tulizisikia.

"Labda hamna kitu humo," nikasema.

"Labda."

"Mafungu saba hayakuvunja. Hili moja lina nini?"

"Fundi, sikiliza." Alikuwa akikunja na kukunjua mkono wa lile shati jeupe. "Nimeandika pale ubaoni neno ambalo silijui kama ni kweli. Na mimi naogopa kujaribu. Nikivunja, darasa linakwenda. Chukua wewe. Ukitaka jaribu, ukitaka viache kwenye kopo. Sitakuuliza."

Alikuwa kijana tu, na alinipa mzigo kwa sababu haukumtosha mgongoni. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo.

Jumamosi nilikwenda Homa Bay kumwona dada yangu, kama nilivyozoea. Vipande vile vilikuwa mfukoni mwa shati, na niliapa sitavitoa. Niliapa hadi Jumapili baada ya chakula. Dada yangu alikuwa ametandaza omena kwenye nyavu kuukuu chini, juani, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Kazi hiyo ina nafasi nyingi za kufikiri, na huo ndio ubaya wake. Nikachukua kijiti, nikasafisha mahali kwenye mchanga.

Saba kwanza. Ikabaki moja. Vizuri. Thelathini na saba. Ikabaki moja tena. Sabini na moja, mia na saba, mia hamsini na moja, mia tisini na tatu, zote zikabakisha. Moyo wangu ukaanza kukaa sawa. Nikachukua kipande kilichofuata, 239. Nikagawanya. Nikashusha moja, nikatoa, nikashusha moja nyingine, nikatoa, nikafika mwisho na mkono ukasimama. Hakukuwa na kitu cha kubaki. Nikafuta, nikarudia. Nikapata tena: elfu nne mia sita arobaini na tisa, kamili, safi, hakuna hata nyanya moja ya kunitazama.

Kuku walikuwa wamefika kwenye omena. Sikuwaona. Nilikuwa nimesimama, nikipiga kelele, na sijui kelele za nini. Kwa sekunde chache, nakuambia kweli, nilikuwa na furaha kuliko siku ya arusi yangu. Ilikuwa na mlango! Majuma yote yale tulikuwa tukipapasa ukuta, na mlango ulikuwepo tangu kabla dunia haijawa na watu wa kuugonga. Halafu nikaelewa ni nani atakayetoka kwa mlango huo.

Dada yangu alikuja mbio na ufagio. "Wewe! Nimekupa kazi ya mtoto imekushinda? Unalia au unacheka?"

"Dada, imevunjika."

"Nini imevunjika? Baiskeli?"

"Nambari."

Alinitazama kwa muda, akanigusa paji la uso kwa nyuma ya mkono. "Ndugu yangu," alisema kwa upole, "kaa kivulini."

Nilikaa kivulini. Nilifikiri kuhusu kunyamaza, na sitaji hapa uadilifu wangu mkubwa, maana haukuwa mkubwa. Kilichonisukuma ni kitu kingine. Nilimkumbuka yule bwana akisikiliza jiwe. Alikaa kwetu kwa sababu alitaka kujua ndani lina nini. Ningemficha hilo, angekuwa amekaa kwa ajili ya kopo la chaki. Tena, mtihani wenyewe nilioutaka ulikuwa wa nini? Niliutaka ili mtu asinisomee tena kopo la gundi kwa huruma. Sasa mimi ndiye ningekuwa nimeficha kopo, nikimhurumia mtu mzima.

Jumatatu niliingia darasani nikaweka kile kipande juu ya meza, mbele ya mchimba dhahabu. "Omera, hiki kimetoka kwenye fungu la mwenye ardhi."

Alikwenda ubaoni. Chaki ikapotea kwenye ngumi. Aligawanya polepole, na darasa zima lilikuwa linapumua pamoja naye, mwalimu amesimama dirishani, mgongo kwetu. Alipofika mwisho aliandika sifuri, akaizungushia duara. Akazidisha kurudi nyuma, 239 mara 4649, kuhakikisha. Vijiti saba vikatokea tena, vimesimama kama askari.

Kisha akafuta lile neno la mwalimu, kwa kiganja, taratibu, akaanza kucheka. "Mwenye ardhi!" alisema. "Kila siku, mwenye ardhi ndiye anayepata mshipa wa dhahabu!"

Tulicheka hadi machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka. Mwalimu aliomba radhi kwa neno aliloandika, na yule bwana akamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyegawa." Akatupa mkono mmoja mmoja. Aliponifikia alinibana vidole hadi nikasahau jina langu. "Ungenyamaza ningekuja kujua, na ningekupiga," alisema. "Asante, fundi." Kesho yake asubuhi alipanda gari la Macalder. Alikuwa amesema, na kwake kusema kulikuwa kazi iliyokwisha fanywa.

Jioni tulikuwa sita. Mwalimu hakufundisha. Niliandika vijiti sita ubaoni na kuvigawanya kwa kujifurahisha, ila haikufurahisha. Vilikubali tatu. Vilikubali saba, kumi na moja, kumi na tatu, thelathini na saba. Kila ulipogusa vilianguka. Kijiti kimoja tu kimetoka na ule ukuta wote umekuwa majivu.

Ijumaa mzee wa kanisa alikuja. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama mlangoni na karabai mkononi, haijawashwa, akatuhesabu kwa macho, akatuhesabu tena kana kwamba anatusaidia kutafuta.

"Mwalimu," alisema, "wewe unajua tulivyokubaliana."

"Najua, mzee."

"Ngoja!" sauti ikatoka nyuma yake. "Hodi! Nipisheni, beseni ni la moto!"

Akaingia mke wa mchimba dhahabu, beseni la muhogo kichwani, khanga imefungwa kifuani, na chini ya kwapa daftari jipya. Akatua beseni kwenye dawati la mumewe.

"Mama, leo hatujaagiza muhogo," mwalimu alisema.

"Sikuleta wa kuuza. Nimetumwa." Alipangusa jasho. "Yule bwana alisema hapa kuna kamba ameiacha haijashikwa. Akasema niishike mimi. Nikamwambia mimi kusoma sijui. Akasema hata yeye alikuwa hajui. Haya, niko hapa. Mimi ni moja. Hiyo moja inaandikwaje?"

Mzee wa kanisa alimtazama, akatutazama, midomo ikihesabu. Kisha akatoa kiberiti, akawasha karabai, akaitundika mwenyewe.

Mama wa omena alimshika mkono yule mwanamke, akampeleka ubaoni. Tukaandika upya, kila mtu mahali pake, yeye katikati. Kijiti chake kilikuwa kimepinda kama mkia wa mbwa.

"Hiki changu ni kiasi gani?" akauliza.

"Elfu," mwalimu akamwambia.

"Elfu! Na yule bwana hakuniambia!" Akanigeukia. "Wewe ni kiasi gani?"

Mama wa omena alijibu kwa niaba yangu, kwa sauti ya kuita Kendu Bay nzima.

Mtihani niliufanya. Nilifaulu kwa alama zilizotikisa paa, au kama hazikutikisa paa, zilitosha. Kopo la gundi nililisoma mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nikajua nilikuwa nikitumia gundi ile kwa njia isiyo sahihi miaka yote.

Mchimba dhahabu alikuja Suna mwezi mmoja kabla ya mtihani, kwa siku chache. Alisimama mlangoni na matope ya shimoni hadi magotini. Mkewe alikuwa ubaoni, akigawanya.

"Nimerudi," alisema. "Nipe kamba yangu."

"Kamba gani?" mkewe akamjibu bila kugeuka. "Hii ni yangu. Tafuta yako."

Hakutaka kuchafua sakafu ya kanisa, kwa hiyo alikaa nje kwenye ngazi, chini ya dirisha. Kila tulipokosea tulimsikia akiguna. Aliuliza mara moja tu, kwa sauti, kama zile sehemu mbili, ile ndogo na ile kubwa, nazo zinavunjika. Tulimjibu hapana, zimejaribiwa kwa kila kitu, pamoja na fungu la mwenye ardhi. Akasema, "Vizuri," na mwanga wa karabai ulikuwa umemfikia mabegani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nangoja gundi ikauke, nilizichukua zile mbili, 239 na 4649, nikazipanga kwa mafungu ya sabasaba. Sikuwa na sababu, mkono tu umezoea. Ya kwanza ikabakisha moja. Ya pili ikabakisha moja. Nikajaribu vijiti vyenyewe saba, vikiwa pamoja, navyo vikabakisha moja. Kuna maelezo, bila shaka, na mtu aliyesoma mchana angenipa. Sijamuuliza. Naona saba wamekaa ndani, na mmoja yuko nje kwenye ngazi, anaguna.